Turungi ya Mke Wangu

Mke wangu alianguka shambani asubuhi ya mvua, kati ya mistari ya michai, kikapu kikiwa mgongoni. Aliteleza, akajikinga kwa mkono wa kulia, na kifundo cha mkono kikavunjika. Aliniita kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeomba aletewe kisu, ndiyo maana sikuharakisha. Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye matope, ameupakata ule mkono kama mtoto mchanga, majani aliyochuma yametawanyika kando yake.

"Okota majani kwanza, Mwalimu," aliniambia. "Yatalowa."

Sikuyaokota. Nilimpeleka hospitalini mjini Kisii, wakamfunga plasta kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko, wakasema mkono ule usiguse kazi kwa wiki sita. Njia yote ya kurudi nyumbani alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini: nani atachuma, nani atakamua, nani atapika. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo mtu anavyosema.

Nyumba yetu iko upande wa Nyamira, juu kwenye baridi, mahali ambapo ukitoka mlangoni unakanyaga chai. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa shule ya msingi miaka miwili nyuma, na watoto wote walikuwa wameondoka. Jirani mmoja, mama mwenye moyo mzuri, alikubali kuja kila adhuhuri kutupikia na kutufulia. Ng'ombe nilijua kumkamua. Ila chai ya alfajiri na ile ya saa kumi haziwezi kumsubiri jirani. Hizo zilikuwa zangu.

Nikiri hapa kwamba nilikuwa sijawahi kupika chai. Nilipotahiriwa niliambiwa jikoni si mahali pangu tena, nami nikalitii neno hilo kuliko mengine mengi niliyoambiwa siku zile. Nilitoka kwenye chai ya mama yangu, nikapitia chai ya ofisi ya walimu, nikafika kwenye chai ya mke wangu. Sikuwahi kujiuliza inatoka wapi. Na bado nimekulia kwenye michai, nimesomeshwa kwa michai, nami nikasomesha watoto kwa michai hiyohiyo. Majani yetu yanaondoka mabichi kwenda kiwandani, kisha tunanunua pakiti dukani kama watu wengine wote.

Asubuhi ya kwanza nilitia kila kitu ndani ya sufuria kwa pamoja: maji, maziwa, majani, sukari. Nikawasha gesi, nikasubiri ifure. Ilifura, ikamwagika, nikapunguza moto, nikaiacha ichemke mpaka nikaona imekuwa nyekundu kama udongo wa barabara. Nikamletea.

"Asante, Mwalimu," alisema.

Alisema hivyo siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne nilikuwa narudi kutoka zizini, nikauona mkono wake wa kushoto ukitokea dirishani na kikombe. Alikimimina chote taratibu kwenye shina la mgomba, akakikung'uta, mkono ukarudi ndani.

Niliingia nikakaa mkabala naye.

"Migomba yetu ilianza lini kunywa chai?" nikamuuliza.

Alitazama kikombe kitupu. "Tangu Jumatatu."

"Ni mbaya kiasi hicho?"

"Sikutaka kukuvunja moyo. Nilikuona unavyohangaika pale jikoni."

Nilitaka kucheka lakini kicheko hakikuja. Mtu mwenye maumivu, ambaye hata usingizi anaupata kwa vipande, alikuwa ameshinda siku nne bila chai ili mimi nisijisikie vibaya. Nikamwomba anieleze anavyopika yeye. Alijaribu kweli. Alisema anaweka maji, anaweka maziwa, anaweka majani. Nikauliza kiasi gani. Akasema kiasi cha kutosha. Nikauliza muda gani. Akasema mpaka iwe tayari. Aliinua ule mkono wenye plasta kana kwamba anachota majani kwenye kopo, vidole vikakunjana kidogo hewani, kisha akaushusha.

"Mkono ndio unaojua," alisema. "Mimi sijui."

Siku hiyo nikampigia simu binti yetu wa pili, anayeishi Kiogoro na kufanya kazi ya dukani mjini Kisii. Sikutaka kumwambia habari ya migomba, lakini mama yake alikuwa karibu na simu na akamwambia. Binti alicheka mpaka ikabidi nimsubiri. Kisha akasema, "Baba, si una simu nzuri na bando? Uliza mtandaoni kama unavyouliza habari za siasa."

Alinitumia video mbili na ukurasa mmoja. Video ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mwenye Kiswahili kitamu cha pwani, anayepika chai ya iliki na tangawizi. Sisi nyumbani tunaongea Ekegusii, na Kiswahili tunakiweka kwa ajili ya mjini na wageni, basi mke wangu alikaa akimsikiliza yule mama kwa heshima kama anayesikiliza mahubiri. Ilipoisha akasema, "Chai yangu haijawahi kuelezwa vizuri hivyo." Lakini nilijifunza kitu pale: majani kwanza kwenye maji, maziwa baadaye, sukari mwisho kabisa au kila mtu ajitilie mwenyewe.

Ule ukurasa ndio ulionifaa zaidi. Ulikuwa na visanduku vya kujaza. Unaandika vikombe vingapi, majani ya punje ndogo au majani marefu, maziwa au bila maziwa, nyepesi au nzito. Kisha unabonyeza, nao unakupa kiasi cha maji, vijiko vya majani na dakika za kungoja. Mimi nimefundisha hesabu na sayansi miaka mingi. Kitu kinachopimika kinanipa amani. Nilichukua daftari kuukuu la maandalio ya masomo, nikapiga mistari: tarehe, maji, maziwa, majani, dakika, maoni. Saa ya simu ikawa inalia jikoni kwetu kama kengele ya shule.

Chai ya maziwa ilinyooka ndani ya wiki moja. Kumbe nilikuwa natia majani mara tatu ya kipimo na kuyachemsha mpaka yakatoa uchungu wote yaliokuwa nao. Siku ya tano ya daftari mke wangu alikunywa kikombe chote mbele yangu, akasema, "Hii inanyweka." Niliandika neno hilo kwenye safu ya maoni.

Ningeishia hapo. Lakini jioni moja nilikuwa nacheza na ule ukurasa, nikaona unaruhusu kujaza vikombe viwili tofauti, cha kwanza cha mtu huyu na cha pili cha mwingine. Changu nilikijaza bila kufikiri: maziwa mengi, nzito, vijiko viwili vya sukari. Kisha nikafika kwenye cha mke wangu. Maziwa kiasi gani? Nyepesi au nzito? Sukari?

Nilikaa na kidole juu ya kioo. Tumeoana miaka thelathini na moja. Nilijua anavyokunywa kwa sababu nilimwona akinywa kila siku, lakini alikuwa akinywa nilichokunywa mimi, kutoka sufuria moja. Kama alikipenda au la, sikuwa na habari.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlangoni, akichambua maharagwe kwa mkono mmoja.

"Mama," nikamwita, "wewe unapenda chai ya namna gani?"

"Hii hii."

"Ukurasa unauliza. Kama ungepikiwa ya kwako peke yako."

Aliendelea kuchambua maharagwe. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Turungi."

Turungi kwetu ni chai kavu, isiyo na maziwa. Ni chai ya nyumba isiyo na ng'ombe, chai ya siku ambayo mambo yamekwama. Ukimpa mgeni turungi unatakiwa kwanza uombe radhi.

"Kweli?"

"Kwetu hatukuwa na ng'ombe," alisema. "Unajua. Mama alikuwa anachemsha maji, anayatoa motoni, anatia majani kidogo sana kwa sababu yalikuwa haba, anachuja. Unaona chini ya kikombe. Tulikunywa hiyo asubuhi kabla ya kwenda shule. Nilipokuja hapa, mama yako alikuwa na ng'ombe wanne. Siku ya kwanza nilijipikia turungi, akanikuta, akaniuliza kama nataka majirani waseme mwanawe ameoa na hawezi kumpa mke maziwa. Basi nikaacha."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Chai ni chai. Na ya maziwa siichukii." Akatupa punje mbovu nje. "Ila ile nyingine ndiyo niipendayo."

Nilirudi kwenye simu nikajaza kisanduku chake: bila maziwa, nyepesi. Kwenye sukari nikamuuliza. Akasema nusu kijiko. Nusu. Miaka yote hiyo alikunywa viwili.

Turungi ilinishinda kuliko chai ya maziwa. Maziwa yanaficha makosa. Turungi haina pa kujificha. Ya kwanza ilikuwa chungu, ya pili maji matupu, ya tatu chungu tena. Mke wangu sasa alikuwa haogopi kunivunja moyo. Alionja, akatikisa kichwa, nami nikaandika. Ukurasa ulikuwa unasema maji yafike digrii mia, kisha yatulie kidogo kabla ya kutia majani, nami nikawa sijui nimefika wapi na nimetulia kiasi gani. Nikaamua kununua kipimajoto.

Nilikipata mjini Kisii, kwenye duka la vyombo la mzee mmoja Mwislamu ambaye familia yake imeuza sufuria pale tangu kabla sijazaliwa. Nilirudi nacho nyumbani, nikachemsha maji, nikakitumbukiza. Kilipanda hadi tisini na tatu, kikakwama. Maji yalikuwa yanatokota kwa nguvu, mvuke umejaa jikoni, na mshale umesimama palepale. Nikaongeza moto. Tisini na tatu. Nikasema nimeuziwa kitu kibovu.

Kesho yake nikakirudisha. Yule mzee hakubishana. Alikuwa na birika lake nyuma ya kaunta, akalichemsha, tukakitia pamoja. Kikasimama kwenye tisini na nne.

"Leta kingine tujaribu," akasema, akafungua kipya. Tisini na nne.

Tulitazamana. "Mwalimu," akasema, "labda si kipimajoto."

Aliniwekea kiti, akatia majani na iliki kwenye birika lilelile, akanimiminia chai, nami nikauliza simu yangu pale pale kwa nini maji hayafiki mia. Ikanijibu kwa swali: uko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari? Kulikuwa na kikokotoo cha kupata jibu. Nikakiruhusu kijue nilipo, kikanipa tisini na nne na kitu. Nikaandika jina la kwetu juu milimani, kikanipa tisini na tatu.

Niliiweka simu juu ya kaunta. Yule mzee aliuliza kama ni habari mbaya. Nikamwambia kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini nimesimama mbele ya watoto wa milima hii na kuandika ubaoni kwamba maji huchemka kwa digrii mia. Nimewatia alama ya kosa waliojibu vingine. Nilikuwa najua habari ya mwinuko, ilikuwa kwenye kitabu cha mwalimu, mstari mmoja chini ya ukurasa. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba inazungumzia jiko letu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuona maji ya digrii mia nyumbani kwao.

"Walifaulu mtihani?" mzee akauliza.

"Walifaulu."

"Basi kunywa chai."

Nilipofika nyumbani nilimweleza mke wangu. Aliniangalia kwa huruma ambayo sikuitegemea. "Hukuwadanganya," alisema. "Uliwaambia ulichoambiwa." Kisha akasema kitu kilichonisaidia kuliko ukurasa wowote: kwamba mama yake hakungoja maji yatulie, kwani maji ya kwetu tayari ni matulivu. Sijui kama kisayansi ni sawa kusema hivyo, lakini nikaacha kungoja. Maji yakatokota, nikazima, nikatia kijiko kidogo cha majani kwa vikombe viwili, nikafunika, nikaweka simu dakika mbili na nusu, nikachuja ilipolia.

Ilitoka rangi ya asali. Nikatia nusu kijiko cha sukari na kumletea pale mlangoni. Alikishika kikombe kwa mkono wa kushoto, akatazama ndani kwanza, chini kabisa. Akanywa. Akanywa tena. Sikuuliza. Alipomaliza alibaki amekishika kikombe kitupu, macho yamelowa kidogo, akasema mkono unamuuma. Nikaelewa kwamba si mkono.

Kuanzia hapo tulikuwa na chupa mbili za chai mezani, moja yangu na moja yake. Juma moja baadaye kaka yangu mkubwa alipita kumjulia hali mgonjwa, kama alivyofanya mara kwa mara. Nilimmiminia chai ya maziwa. Kisha nikamimina turungi na kuiweka mbele ya mke wangu. Kaka aliangalia kikombe kile, akaniangalia mimi.

"Ng'ombe amekauka?"

Nilifungua mdomo nimjibu, lakini mke wangu aliwahi. "Ng'ombe yuko sawa, shemeji. Mimi ndiye ninayependa hii."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni."

Kaka yangu si mtu mbaya. Alikunywa yake kidogo, akauliza ni nani aliyeipika. Nilipomwambia ni mimi, akaishusha mezani, akaichunguza kama mtu anayekagua ndama sokoni Keumbu. Kisha akainywa yote na kuomba nyingine. Hakusema ni nzuri. Alisema tu kwamba mama yetu angeshangaa.

Plasta ilitolewa mwishoni mwa wiki ya sita. Mkono ulikuwa umekonda, ngozi imepauka, na ulikuwa hauwezi kuinua sufuria iliyojaa. Mke wangu alirudi jikoni hata hivyo, kwa sababu alikuwa na hamu nako. Hatukukaa chini kupanga. Ilitokea tu kwamba chai ya asubuhi ikabaki yangu na ya saa kumi ikawa yake, na kila mmoja anapika zote mbili, ya maziwa na kavu. Ya kwake ya maziwa bado inaishinda yangu. Nimemfuata nikiwa na mzani na saa, nimepima kila anachoweka, nimekiingiza kwenye ule ukurasa, na bado.

Mkono ulipopata nguvu kidogo alitaka kwenda kumwona mama yake, upande wa Marani. Mama mkwe ni mzee sana sasa, anaishi na shangazi mmoja wa mke wangu katika nyumba ileile. Nami nilikwenda, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kwa desturi zetu mimi na mama mkwe hatukaribiani. Ninaketi sebuleni, naye huniamkua akiwa mlangoni, macho yake yakiwa pembeni, nami yangu vilevile. Kila nilipokwenda pale, tangu siku za posa, niliwekewa chai iliyojaa maziwa. Nilikuwa sijawahi kujiuliza maziwa yale yanatoka wapi kwenye nyumba isiyo na zizi. Siku hiyo, kupitia dirisha, nilimwona shangazi akivuka shamba kwenda kwa jirani na jagi tupu.

Nikamwita mke wangu. "Mwambie mama wasihangaike. Nitakunywa turungi, kama wao."

Alikwenda jikoni. Nilimsikia akiongea, kisha nikasikia sauti ya mama yake, nyembamba lakini kali. Mke wangu akarudi akijizuia kucheka.

"Anasema omoko," yaani mkwe, "hanywi turungi ndani ya nyumba yake yeye akiwa hai. Anasema kama una kiu sana usubiri."

"Ulimwambia naipika mwenyewe nyumbani?"

"Nilimwambia. Anasema nyumbani kwako fanya utakalo."

Basi nikasubiri. Shangazi alirudi na jagi. Baada ya muda nikaletewa chupa ya chai na kikombe kikubwa cha maua, kimejaa mpaka ukingoni, maziwa matupu karibu, na sukari ya kutosha watu watatu. Nikakinywa polepole, chote, kwa sababu nilijua kimetoka wapi. Jikoni, ng'ambo ya ukuta, mke wangu na mama yake walikuwa wanakunywa yao. Nilisikia mama mkwe akiuliza ni kweli kwamba ninaipima kwa saa, na mke wangu akimwambia ni kweli, dakika mbili na nusu, na simu inalia. Kisha wote wawili wakacheka, wakacheka kwa muda mrefu, na shangazi akajiunga nao, nami sebuleni nikajimiminia kikombe cha pili.